Sanaa ya Mimbari (3): Augustino na mawe ya Kaisaria

Nilikusudia safari hii tuendelee na Yohane Krisostomo, mhubiri tuliyemzungumzia awali, pale tulipomwacha, akipelekwa uhamishoni. Lakini Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, Papa Fransisko aliwaambia mahujaji katika uwanja wa Mtakatifu Petro kwamba homilia isizidi dakika nane, kwa kuwa baada ya hapo watu husinzia. Tangu siku hiyo wasomaji hawaniachi. Wakatoliki wanauliza kama paroko wao amezisikia habari hizo. Wapentekoste wanauliza dakika nane zinatosha nini, wakati kwao muda huo huisha mhubiri akiwa bado kwenye salamu na pambio. Krisostomo itabidi angoje, maana suala hili lina mwalimu wake, naye ni Mwafrika.

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo uko Algeria na unaitwa Souk Ahras. Kabla ya kubatizwa alikuwa akila kwa ulimi wake: alifundisha ufasaha Karthago, Roma, kisha Milano. Hapo Milano alikuwa akienda kumsikiliza Askofu Ambrosi kwa ajili ya uzuri wa maneno tu, na mafundisho yenyewe yakamwingia taratibu bila kukusudia. Kwa hiyo alijua kwa nafsi yake kwamba lugha iliyopangwa vizuri inaweza kumfikisha mtu asikotarajia kufika.

Kwetu wapo wahubiri wanaojivunia kutojiandaa. Hupanda mimbarini mikono mitupu wakidai kwamba Roho atawapa la kusema. Augustino aliwajibu watu wa namna hiyo katika kitabu cha nne cha De doctrina christiana, alichokimalizia karibu na mwaka 426 akiwa amekwisha kuwa askofu wa Hippo kwa miaka 30: kama mwalimu hana haja ya kufundishwa kwa sababu Roho yupo, basi na sala tuiache, kwa sababu Baba anajua mahitaji yetu kabla hatujamwomba. Sijaona jibu zuri kuliko hilo, na ningependa libandikwe sakristia zote.

Katika kitabu hicho hicho aliazima kwa Cicero kazi tatu za msemaji, ambazo ni kufundisha, kupendeza, na kumgusa mtu mpaka atende. Kila kazi ina sauti yake. Anayefundisha hutumia lugha nyepesi na tulivu. Anayesifu au kulaumu hupamba kiasi. Sauti kuu, yenye moto, ni kwa ajili ya mtu anayejua la kufanya lakini hataki kulifanya. Na hiyo, asema Augustino, haivumiliki kwa muda mrefu. Ni lazima ichanganywe na zile nyingine. Mhubiri wa mkutano wa injili anayeunguruma kwenye kipaza sauti tangu saa tisa mchana hadi jua linazama ameimwaga pilipili yote kwenye sufuria moja. Kila baada ya sentensi mbili anawaambia watu, “Mwambie jirani yako!”, nao wanageukiana na kuambiana, wanacheka, wanapiga makofi. Jioni ukimuuliza mmoja wao alichojifunza, anakutajia jina la mhubiri.

Sasa nije Kaisaria, habari ninayoipenda kuliko zote katika historia ya mimbari. Mji huo wa Mauretania leo unaitwa Cherchell, nao uko kwenye pwani ya Algeria. Wenyeji wake walikuwa na desturi waliyoiita caterva. Kila mwaka, majira yake yalipowadia, mji uligawanyika pande mbili na watu wakapigana kwa mawe siku kadhaa mfululizo, kila mmoja akiua aliyeweza kumuua. Hawakuwa maadui. Ndugu alimrushia jiwe ndugu yake, baba akamrushia mwanawe, na wote walikuwa wameyarithi hayo kwa mababu. Mwaka 418 Augustino, mzee aliyepita miaka 60, alifika mjini hapo na kuhubiri dhidi ya desturi hiyo kwa nguvu zake zote.

Watu wakampigia makofi. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba alipoyasikia makofi hayo aliona bado hajafanya kitu, kwa sababu yalimwonyesha tu kwamba wameelewa na wamependezwa. Akaendelea mpaka akaona machozi. Hapo akajua kwamba desturi imevunjika, akaacha kuhubiri, akawaongoza kumshukuru Mungu. Alipokuwa akiandika habari hiyo, miaka minane hivi ilikuwa imepita bila jiwe kurushwa.

Angalieni kipimo alichotumia mtu huyu: miaka minane bila mawe. Kwetu Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi katika vijiji vyenye makanisa, ambako mahubiri husikika kila Jumapili. Baya zaidi, wapo wahubiri wanaozichochea tuhuma hizo kwa kutaja wachawi mimbarini, na waumini wakaitikia amina. Mhubiri anayetaka kujua kama anahubiri vema aanze kwa kuuliza ni maovu gani yamekoma kijijini kwake tangu alipofika.

Kuhusu muda, Augustino alihubiri mara nyingine kwa dakika chache, mara nyingine kwa zaidi ya saa nzima, yeye ameketi na watu wamesimama. Lakini shemasi mmoja wa Karthago aliyeitwa Deogratias, jina tunalolijua vizuri hapa kwetu, alipomlalamikia kwamba mafundisho yake yanamchosha hata yeye mwenyewe, Augustino alimwandikia kitabu kizima. Humo anamshauri kwamba msikilizaji akianza kupiga miayo, amwambie neno la kumchangamsha, au ampe kiti.

Nakubaliana na Papa Fransisko kuhusu dakika nane, ila wasiwasi wangu uko vigangoni. Huko padre hufika mara chache, na Jumapili nyingi ibada huongozwa na katekista, au mwinjilisti wa mtaa kwa Walutheri, mtu aliyetoka shambani jana jioni na ambaye mara nyingi hana kitabu kingine zaidi ya Biblia. Kumwambia huyo afupishe ni kumwonea. Augustino aliruhusu wazi kwamba mwenye sauti nzuri asiyeweza kutunga, ajifunze kwa moyo mahubiri mazuri ya mwingine na kuyatoa kwa waumini, wala asihesabiwe mwizi. Majimbo yetu yana mitambo ya uchapaji na wapo mapadre wanaosoma Kilatini. Yachague mahubiri 52 ya Augustino, yale mafupi, yatafsiriwe kwa Kiswahili cha kawaida na yachapwe katika kijitabu cha kuingia mfukoni, kisha kila katekista apewe nakala yake bure.