SSD Mpya, Kompyuta Bado Nzito Kuwaka: Ulipie Nini Tena?

Aliyetiliwa SSD kwenye laptopu yake ana haki ya kuona tofauti siku hiyohiyo. Diski ya zamani, ile inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, husoma vipande vilivyotawanyika mara mia hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida husoma makumi ya maelfu. Kuwasha Windows ni kusoma mafaili madogomadogo kwa maelfu, kwa hiyo mashine iliyokuwa ikichukua dakika mbili au tatu inafaa ikufikishe kazini ndani ya nusu dakika. Ikiwa bado inakukalisha ukingoja, kuna kitu hakiko sawa. Hapo ndipo mteja huumia mara ya pili: anashauriwa aongeze RAM, kisha anunue SSD ya bei kubwa zaidi, kisha aiuze laptopu yenyewe, na hakuna aliyepima chochote.

Kupima ni bure. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, halafu nenda kwenye ukurasa wa programu zinazojiwasha. Juu pembeni utaona maneno “Last BIOS time” na idadi ya sekunde. Huo ndio muda ambao mashine ilijikagua yenyewe kabla Windows haijaanza hata kuguswa. Laptopu nyingi humaliza ndani ya sekunde kumi na kitu. Ukiona 40 au 60, usikubali kulipia usafishaji wa Windows, kwa sababu kosa limetokea kabla yake. Ukiona 8 na bado unangoja dakika mbili, basi tatizo limo ndani ya Windows. Mashine inayowaka kwa BIOS ya mtindo wa zamani haionyeshi namba hiyo. Hapo tumia saa ya simu, uangalie ni lini logo ya kiwanda inapoisha na vidoti vya Windows vinapoanza kuzunguka.

Pima baada ya kuchagua Restart, si kuzima na kuwasha. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, na hali hiyo huficha mengi.

Sasa tuchukue kisa ambacho mafundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, hukutana nacho kila mara. Mteja ananunua SSD lakini hataki kupoteza picha na mafaili yake, kwa hiyo fundi anatoa kisomeo cha DVD na kuiweka diski ya zamani mahali pake, ndani ya fremu yake ndogo. Mpango mzuri, ila diski hiyo huenda ndiyo iliyokuwa ikifa na kuifanya mashine iwe nzito tangu mwanzo. Kila ukiwasha, BIOS huiita kila diski iliyomo na kungoja ijibu. Inayokufa hujibu kwa kuchelewa, na logo inaganda kwenye skrini. Ukitega sikio utaisikia ikigonga taratibu.

CrystalDiskInfo, programu ya bure, itakuonyesha hali yake. Tazama mistari ya 05 na C5, yaani sehemu zilizoharibika na zinazoelekea kuharibika. Zikiwa zaidi ya sifuri na zinaongezeka, nakili mafaili yako leo. Kisha itoe diski hiyo, uwashe bila yake. Sekunde za BIOS zikishuka, umepata jibu na hujatumia senti. Kama diski bado inafaa kutumika, kasha la USB la kuibebea huuzwa kwa mamia ya shilingi tu, na utaichomeka pale unapoihitaji.

Kuna mtego mmoja hapo. Windows ikiwekwa huku diski zote mbili zikiwa ndani, kisakinishi huweza kuacha sehemu ya kuwashia kwenye ile ya zamani. Ukiitoa, mashine inasema haioni mfumo wowote, na mteja anadhani SSD imeharibika. Kazi ya kuirekebisha ni fupi kwa fundi anayejua, lakini ni sababu ya kumwambia mapema: “Kaka, toa diski ya zamani kwanza ndipo upige Windows.” Fundi mzuri hatachukia kuambiwa hivyo.

Kama sekunde za BIOS ni chache, linganisha njia mbili za kuhamia SSD. Ya kwanza ni kunakili diski nzima ilivyo. Ni rahisi, inaokoa muda, na programu zako zote zinabaki. Lakini inahamisha pia takataka zote: programu kumi zinazojiwasha, antivirasi mbili zinazogombana, madereva ya printa uliyoiuza. Ya pili ni kupiga Windows upya. Mafundi wengi hutoza kati ya shilingi 500 na 1,500 za Kenya. Ukifanya mwenyewe utahitaji flashi ya GB 8 na bando la kupakua zaidi ya GB 5 kutoka Microsoft. Utapoteza jioni moja ukirudisha programu zako. Mimi ningechagua hii ya pili bila kusita, isipokuwa kwa mashine ya ofisi yenye programu ya uhasibu ambayo hakuna anayejua iliwekwaje. Hiyo nakili, halafu uzime zinazojiwasha moja baada ya nyingine.

Usilipie leseni upya. Leseni ya Windows 10 au 11 iliyokwisha sajiliwa hushikamana na madabodi, si diski, na mashine za kiwandani tangu Windows 8 hubeba namba yake ndani ya BIOS. Ukiunganisha intaneti, inajitambua. Anayekutoza “activation” kwa sababu umebadilisha diski anakuuzia kitu ulicho nacho tayari.

Vipi kuhusu SSD ya NVMe, ile ya kasi zaidi? Kwa karatasi, SSD ya kawaida ya SATA huishia MB 550 kwa sekunde, NVMe ya kizazi cha tatu hufika 3,500, na ya nne 7,000. Katika kuwaka, tofauti ni sekunde chache tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya muda huo ni prosesa ikifanya kazi na vifaa vikijitambulisha. Anayehariri video ana sababu ya kuilipia. Anayeandika ripoti na kufungua barua pepe hana. RAM nayo husaidia pale unapofungua mambo mengi. Mashine ya GB 4 itapumua ikipata 8, lakini kutoka 8 kwenda 16 hakutaigusa logo iliyoganda.

Na makosa ya kununua yamekuwa ghali. Kabla ya mwisho wa 2025, SSD ya SATA ya GB 256 ilipatikana Nairobi kwa takriban shilingi 3,000 hadi 5,000. Kisha bei za RAM na SSD zikapanda duniani, viwanda vilipoelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba mwaka huo Micron, mtengenezaji wa chipu hizo, ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial, jina ambalo wanunuzi wa kawaida walilizoea.

Wenye kompyuta za mezani mpya wana habari njema zaidi: kuchelewa kuwaka kwao huenda si ubovu. Prosesa ya Ryzen 7000 ya AMD, iliyotoka 2022, hutumia RAM ya DDR5, na baada ya kubadilisha RAM hiyo mashine hujifunza kuizoea kwa dakika kadhaa huku skrini ikiwa nyeusi. Iache. Kama inarudia kila siku, sasisha BIOS, kisha tafuta humo kipengele cha Memory Context Restore, ukiwashe.

Kuhusu kununua laptopu nyingine, tazama kizazi cha prosesa kabla ya kitu kingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hukubali rasmi kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. HP EliteBook 840 G3, iliyojaa kwenye maduka ya mitumba, ni ya kizazi cha sita. 840 G5 na ThinkPad T480 kwa kawaida ni za nane. Mwenye G3 iliyokwisha tiwa SSD anaweza kuweka Linux Mint bila malipo na kuitumia miaka mingine. Asiye na mashine kabisa na aongeze pesa kidogo, achukue ya kizazi cha nane, na aombe kuiona ikiwaka mbele yake mara mbili kabla ya kulipa.