Jina Kwenye Bahasha

Tarehe 1 Julai 2019 Bob Collymore, mkurugenzi mtendaji wa Safaricom, alifariki nyumbani kwake Nairobi baada ya kuugua saratani ya damu. Siku iliyofuata bodi ilimrudisha Michael Joseph, yule yule aliyemwachia Collymore kiti mwaka 2010, akaimu kwa muda. Oktoba likatangazwa jina la Peter Ndegwa, Mkenya aliyekuwa katika kampuni ya vinywaji ya Diageo huko Ulaya, naye akaingia ofisini Aprili 1, 2020. Bodi ilifanya kazi yake kwa utulivu na inastahili sifa kwa hilo, maana ndani ya siku moja ilimpata mtu mwenye uzoefu na anayeaminika. Hata hivyo, ugonjwa wa Collymore ulikuwa umejulikana tangu 2017, alipokwenda Uingereza kutibiwa kwa miezi kadhaa. Pamoja na onyo lote hilo, aliyeitwa kushika usukani alikuwa mkuu wa zamani, na wa kudumu akatafutwa nje. Ikiwa hali ni hiyo kwa kampuni yenye uwezo wa kuajiri karibu mtu yeyote inayemtaka, itakuwaje kwa SACCOS ya walimu, kwa shule binafsi, kwa hospitali ya misheni au kwa shirika dogo ambalo mwanzilishi wake ndiye anayewajua wafadhili wote kwa majina?

Katika taasisi nyingi zinazojitahidi kuwa na mpango wa kurithishana uongozi, mpango huo ni karatasi. Nafasi nyeti zimeorodheshwa, mbele ya kila nafasi kuna jina moja au mawili, na pembeni imeandikwa kama mhusika yuko tayari sasa, au atakuwa tayari baada ya miaka miwili, au mitano. Karatasi hutiwa kwenye bahasha, bahasha hufungiwa kabatini kwa afisa utumishi, na kila mwaka bodi huifungua, huisoma na kuirudisha. Siidharau, kwa sababu asiye nayo hali yake ni mbaya zaidi. Lakini yale maneno “baada ya miaka miwili” yanabeba swali ambalo karatasi hailijibu: katika miaka hiyo miwili mtu huyu atafanyiwa nini hata awe tayari? Mara nyingi atahudhuria semina mbili tatu, atakaimu bosi akienda likizo, na muda uliobaki atasubiri. Kusubiri hakumwivishi mtu. Ninachodai hapa ni kwamba kazi inayokosekana katikati ni ukocha wa uongozi. Ukianza mapema, ukafanywa kwa dhati, na ukamfikia hata yule anayeondoka, jina lililoko kwenye bahasha linapata nafasi ya kuwa kiongozi kweli.

Neno kocha kwetu linanukia uwanja wa mpira, na chimbuko la kazi hii kweli ni michezoni. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, Mmarekani aliyefundisha tenisi, alichapisha kitabu kilichodai kwamba mpinzani mgumu wa mchezaji yumo kichwani mwake mwenyewe, na kwamba mwalimu anayemwaga maelekezo huizidisha vurugu hiyo. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa magari ya mashindano, akaiingiza fikra hiyo maofisini. Kitabu chake cha mwaka 1992 kilieneza utaratibu wa maswali manne: unataka kufika wapi, uko wapi sasa, zipo njia gani, na utafanya nini. Hapo ndipo kocha anapotofautiana na watu tuliowazoea. Mkufunzi wa semina ana somo alilokuja nalo, na mshauri mwelekezi anaandika ripoti na kwenda zake. Hata kungwi wa pwani, anayemfunda mwari kabla ya ndoa, anayo majibu aliyoyarithi, na wajibu wake ni kuyakabidhi bila kupungua. Kocha hana majibu ya kukabidhi. Anakaa na mtu mmoja, saa moja au moja na nusu, kila baada ya wiki mbili au tatu, akimuuliza kuhusu jambo halisi lililompata kazini wiki hiyo, akimsikiliza, akimrudishia alichokisema ili akisikie mwenyewe, na asimwachie mpaka ataje atakachokijaribu kabla ya kikao kijacho.

Kwa nini kazi ya namna hiyo iwe muhimu kwa mrithi, badala ya kozi nzuri ya menejimenti? Kwa sababu kinachomkwamisha mrithi mara chache ni kutojua. Ram Charan, Stephen Drotter na James Noel walieleza mwaka 2001 kwamba kila ngazi ya uongozi inataka mambo matatu yabadilike: ujuzi, matumizi ya muda, na kile mtu anachokithamini katika kazi. La tatu ndilo gumu. Mchukue mhasibu mkuu anayesifiwa kwa sababu hakuna hesabu inayompita. Siku akiwa mkurugenzi, sifa hiyo hiyo itamponza, kwani atabaki akikagua vocha usiku huku wakuu wa idara wakimsubiri mlangoni. Anajua fika kwamba inampasa kukasimu madaraka, na huenda amelisikia katika semina nne. Ila hajawahi kukaa mahali salama akakiri kwamba kuziacha hesabu kunamtia hofu, kwa kuwa ndizo zilizompa heshima maisha yake yote. Hofu ya namna hiyo haitajwi mbele ya wenzake thelathini katika ukumbi wa hoteli. Hutajwa faraghani, mbele ya mtu mmoja asiyegombea naye chochote.

Kampuni ya Xerox ya Marekani inaonyesha jinsi mambo madogo ya aina hii yanavyobeba uzito. Ursula Burns aliingia humo mwaka 1980 kama mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, akapanda ngazi baada ya ngazi. Mwaka 2007 alipewa urais wa kampuni chini ya Anne Mulcahy, na Julai 2009 akachukua nafasi yake, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mojawapo ya kampuni 500 kubwa za nchi hiyo. Burns alikuwa mhandisi mahiri na msema kweli bila kupepesa. Amewahi kusimulia kwamba Mulcahy alimwita pembeni baada ya mkutano mmoja na kumwambia kuwa watu waliyasoma mawazo yake usoni, na kwamba kuna nyakati hilo halifai. Hakuna cheti kinachotolewa kwa kujifunza kuutuliza uso. Lakini mkuu ambaye kukunja kwake uso kunazima mjadala hataambiwa ukweli tena na walio chini yake. Mulcahy hakuwa kocha wa kuajiriwa, alikuwa bosi aliyeamua kuifanya kazi hiyo, na Burns alikuwa na bahati kumpata. Hoja ya ukocha uliopangwa ni kwamba taasisi isiiachie bahati jambo zito kiasi hiki.

Msomaji makini atauliza ushahidi uko wapi, na ana haki. Mwaka 2014 Tim Theeboom na wenzake walikusanya tafiti zilizopima matokeo ya ukocha kazini, wakakuta manufaa katika utendaji, katika kumudu shinikizo, katika mtazamo kuhusu kazi, na zaidi ya yote katika uwezo wa mtu kujiwekea lengo na kulifuatilia. Mwaka 2016 Rebecca Jones, Stephen Woods na Yves Guillaume walichambua tafiti 17 na kufikia hitimisho linalofanana. Nasema wazi kwamba tafiti nyingi za uwanja huu ni ndogo, na baadhi hutegemea maelezo ya wahusika wenyewe kuhusu maendeleo yao. Tena hupima mabadiliko ya mtu, hazipimi makabidhiano ya kiti. Basi anayewauzia wakurugenzi ukocha akiwaahidi kwamba mrithi hatashindwa, anawadanganya. Kinachoweza kutetewa ni kidogo zaidi, nacho kinatosha: mambo ambayo ukocha umeonekana kuyagusa ndiyo hasa yanayomtenganisha anayeweza kazi na anayeweza kuongoza wanaoifanya.

Pingamizi zito zaidi linahusu siasa za ofisini. Ukimpa mtu kocha umemtawaza kabla ya wakati, wanasema, na wenzake wataanza kumchimba. Hofu hiyo si ya bure. Jack Welch alipokaribia kuacha kuiongoza General Electric, aliwashindanisha watu watatu hadharani. Novemba 2000 alichaguliwa Jeffrey Immelt, na haikuchukua muda Robert Nardelli akaenda kuongoza Home Depot na James McNerney akaenda 3M. Kampuni ikawa imewapika viongozi watatu kwa miaka na kubaki na mmoja. Wala kisa hicho hakinipi ruhusa ya kusema kuwa kumwandaa mtu wa ndani ni dawa ya kila kitu, kwa maana General Electric, iliyokuwa na chuo chake cha uongozi huko Crotonville tangu 1956, iliporomoka sana katika miaka iliyofuata. Ninalolisoma humo ni kwamba ukocha usitolewe kama taji kwa mteule mmoja. Utolewe kwa kundi, tuseme watu sita au wanane wa idara mbalimbali, bila ahadi ya cheo, na uendelee hata baada ya kiti kupata mwenyewe, maana aliyekosa ndiye anayehitaji mtu wa kuzungumza naye kuliko wakati mwingine wowote. Bado anaweza kuondoka. Lakini ataondoka akijua alichojengewa, na huenda asiondoke. Kuhusu wanaoamini kwamba kiongozi wa kutoka nje huja na macho mapya, Joseph Bower wa Harvard alijibu vizuri mwaka 2007: wanaofaa zaidi ni watu wa ndani waliobaki na jicho la mgeni. Jicho hilo hufifia kwa mazoea, na kocha asiye sehemu ya mazoea hayo anaweza kulifungua tena.

Yuko mtu mwingine ambaye mipango mingi humsahau, naye ndiye mwenye kiti. Julius Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, Kiswahili kilinenepa kwa neno kung’atuka kutoka Kizanaki, na jinsi neno hilo lilivyoshika inaonyesha tendo lenyewe lilivyokuwa adimu. Kiongozi aliyejenga taasisi kwa miaka ishirini hung’ang’ania mara nyingi kwa sababu ambazo si tamaa ya fedha. Haijui Jumatatu isiyo na kikao. Hajui ataitwa nani akishaacha kuitwa mkurugenzi. Asipopata pa kuyasema hayo, atayasema kwa vitendo: kila mrithi atapatikana na kasoro, na tarehe ya kuondoka itasogezwa. Katika Google, mkuu wake Eric Schmidt alichukizwa mwaka 2001 mjumbe wa bodi John Doerr alipomshauri achukue kocha, akiona kwamba mtu wa umri na uzoefu wake hana haja naye. Miaka minane baadaye alilitaja kuwa shauri bora alilowahi kupewa. Kocha huyo, Bill Campbell, aliyewahi kufundisha timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Columbia, alikaa pia na Larry Page, aliyempokea Schmidt kijiti mwaka 2011, na vilevile na Sundar Pichai, aliyefuata 2015. Mtu mmoja aliaminiwa na wenye kuondoka na wenye kuingia. Siwezi kudai kwamba yeye peke yake ndiye aliyelainisha makabidhiano hayo, ila ni vigumu kuamini kwamba uaminifu huo haukusaidia.

Uaminifu huo una sharti, na likivunjwa heri ukocha usiwepo. Yanayosemwa kikaoni hayapelekwi kwa mwenyekiti wa bodi. Wanaolipa wana haki ya kujua malengo yaliyokubaliwa na kama vikao vinafanyika, basi. Uamuzi wa nani apewe kiti ufanywe na bodi kwa vipimo vyake, bila kumuuliza kocha. Siku wafanyakazi watakapohisi kwamba kocha ni sikio la bosi, watamletea majibu ya usaili.

Limebaki suala la gharama, na hapa taasisi ndogo zina habari njema. Makocha wa kukodi ni ghali, lakini katika uchambuzi ule wa tafiti 17 makocha waliotoka ndani ya taasisi zenyewe walionekana kuleta matokeo makubwa kuliko wa nje, na wingi wa vikao haukubadilisha sana matokeo. Chama cha akiba na mikopo kinaweza kumtumia meneja mstaafu aliyeondoka kwa heshima. Shule kadhaa za jimbo moja zinaweza kubadilishana walimu wakuu, kila mmoja akimsikiliza makamu wa shule nyingine, ili asiwe bosi wa anayezungumza naye. Hao wanahitaji kufundishwa kuuliza na kunyamaza, jambo gumu kwa mtu aliyezoea kuamuru, na wapewe nafasi ya kujaribu na kusahihishwa kabla ya kukabidhiwa mtu. Kisha vikao viingizwe kwenye ratiba ya kazi, saa za kazi, miaka mitatu au minne kabla ya mkuu kustaafu, na cha kwanza kiwe chake yeye.