Al-Barakaat: Fedha zilipofungiwa kabla ya kesi

MNAMO Novemba 7, 2001, chini ya miezi miwili baada ya mashambulio ya kigaidi ya Septemba 11, maafisa wa Marekani walifunga ofisi za al-Barakaat, kampuni ya hawala ya Wasomali, na kuzuilia fedha zake zilizokuwa katika benki.

Rais wa Marekani wakati huo, George W. Bush, aliihusisha kampuni hiyo na al-Qaeda. Siku mbili baadaye Umoja wa Mataifa (UN) uliiweka katika orodha ya wanaodaiwa kufadhili ugaidi. Umoja wa Ulaya (EU) nao ukatoa kanuni ya kuzifungia akaunti zake.

Yote hayo yalitendeka kabla ya mahakama yoyote kusikiliza madai hayo.

Kisheria, kuzuia fedha si sawa na kuzitwaa. Serikali inapotwaa fedha, mali hubadilisha mmiliki, aghalabu baada ya hukumu. Zinapozuiliwa, mwenyewe hubaki mmiliki kwa jina, lakini hawezi kutoa hata senti. Hatua hiyo husemekana ni ya muda, ila muda wenyewe usipowekewa kikomo, tofauti kati ya mambo hayo mawili hufifia.

Aidha, fedha za hawala si za kampuni pekee. Mtumaji humkabidhi wakala pesa ughaibuni, naye wakala wa Mogadishu humlipa jamaa yake. Baadaye mawakala hao hulipana kupitia benki. Akaunti ikifungwa, mnyororo wote hukatika. Katika Somalia, ambayo serikali yake kuu iliporomoka 1991, waliotegemea mnyororo huo kwa chakula na karo hawakuwa na benki ya kukimbilia.

Tawi la Uswidi, Al Barakaat International Foundation, liliamua kupigana kortini. Desemba 2001 liliishtaki EU mjini Luxembourg, likilalamika kwamba lilikuwa limeadhibiwa bila kuelezwa kosa lake wala kupewa nafasi ya kujitetea.

Septemba 21, 2005, lilishindwa. Mahakama ya mwanzo ilisema EU ilitekeleza tu uamuzi wa Baraza la Usalama la UN, na kwamba majaji wa Ulaya hawakuwa na uwezo wa kuuchunguza ila kwa kiasi kidogo mno.

Rufaa iligeuza mambo. Septemba 3, 2008, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kuwa hakuna kanuni ya EU inayoweza kukwepa haki za kimsingi, hata kama chimbuko lake ni UN.

Majaji hawakusema serikali haziwezi kuzuia fedha za washukiwa. Walikubali kuwa mhusika hafai kuonywa mapema, asije akazihamisha. Hata hivyo, walisisitiza kuwa baada ya hatua hiyo ni sharti aelezwe sababu na apate nafasi ya kujibu mbele ya mahakama. Kanuni hiyo ilibatilishwa kuhusiana na shirika hilo, lakini EU ikapewa miezi mitatu kurekebisha kasoro hizo.

EU iliutumia muda huo kulirejesha shirika hilo katika orodha, likaendelea kuwemo hadi 2009.

Kufikia wakati huo, shutuma zenyewe zilikuwa zimedhoofika. Mnamo 2004, watafiti wa tume iliyochunguza mashambulio ya Septemba 11 walisema hawakupata ushahidi wa moja kwa moja wa kuihusisha al-Barakaat na ugaidi.

Suala hilo si geni nchini Kenya. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala hadi Juni. Akaunti za mashirika ya Haki Africa na Muhuri, ya Pwani, pia zilifungwa. Novemba mwaka huo, Mahakama Kuu ya Mombasa iliagiza zifunguliwe.

Mshukiwa anayeshinda kesi hurudishiwa fedha zake. Wateja waliohama na biashara iliyokufa, hakuna korti iwezayo kuvirudisha.