Chumba Kimoja Zaidi: Namna ya Kukiongeza bila Kujitia Katika Deni

Wasomaji wetu wengi ni wakulima, lakini wengi pia wana mtoto au ndugu akaaye Nairobi, nao humsaidia kwa gunia la mahindi, na pengine kwa fedha za ujenzi. Kwa hiyo mwezi huu twaeleza habari ya mtaa wa Olympic, ulio kando ya Kibera. Mafunzo yake yafaa nyumba yo yote, mjini au shambani.

Nyumba za mawe za Olympic zina viwanja vidogo. Watoto wakisha kukua, wavulana hulala sebuleni na wasichana hubanana chumba kimoja. Baba na mama hutazama nafasi iliyobaki uani, wakasema, "Hapa chatosha chumba." Huenda chatosha. Lakini mkulima hapandi kabla ya kulima. Na mwenye nyumba asinunue jiwe kabla ya kufanya yafuatayo.

1. Kibali na mifereji. Pata kwanza kibali cha Kaunti ya Nairobi, kwani sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi yakidai. Ukijenga bila kibali waweza kuamriwa kubomoa. Kisha tazama kifuniko cha bomba la maji machafu kilipo. Usijenge juu yake: siku bomba litakapoziba, itakupasa kuvunja sakafu yako mpya. Wala usizibe njia ya maji ya mvua, kwa maana maji yasipopita kwako yataingia kwa jirani.

2. Hesabu ya mawe. Tuseme chumba kina futi 10 kwa 11, nacho kitatumia ukuta mmoja wa nyumba ya zamani. Kuta mpya ni tatu: 10 na 10 na 11, pamoja na pembe zake, jumla futi 32. Mistari 12 ya mawe yahitaji futi 384. Ondoa dirisha, zabaki kama futi 368. Ongeza kidogo kwa mawe yatakayovunjika, ukaagize futi 380. Mawe ya msingi yahesabiwe mbali. Ukiwa na hesabu hii mkononi, waweza kuuliza bei kwa wauzaji watatu na kumchagua mmoja.

3. Mahali pa kubana fedha. Dirisha la chuma lililokwisha kutumika lafaa, maadamu halijaliwa na kutu. Dari na rangi vyaweza kungoja mwakani. Lakini usibane fedha za msingi. Chimba mpaka ardhi ngumu. Udongo mweusi ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua uondolewe wote. Karibu na ukuta wa zamani chimba kipande kwa kipande, wala usifukue chini ya msingi wake. Usijenge ukuta juu ya saruji ya uani. Chini ya sakafu tandaza karatasi nzito ya plastiki, ili unyevu usipande. Mbao za paa zifungwe ukutani kwa ukanda wa chuma, upepo usizing'oe.

4. Hewa. Dirisha lisipungue sehemu moja katika kumi ya sakafu. Sakafu yetu ni futi za mraba 110. Basi dirisha la futi 4 kwa 3 latosha. Angalia pia kwamba chumba kipya hakizibi dirisha la chumba cha zamani. Kifua kikuu huenea upesi mahali watu walalapo wengi pasipo hewa, na chumba kipya kisicho na hewa hakikuondoa hatari hiyo.

5. Majira. Anza mwezi wa Juni, ili paa liwe tayari kabla ya mvua za Oktoba. Mawe na mchanga waweza kununua kidogo kidogo, kila upatapo fedha. Saruji inunuliwe wiki ile ile ya kutumiwa, kwa sababu ikikaa hushika unyevu na kupoteza nguvu. Fedha zikipungua, simama msingi ukiisha. Usisimame kuta zikiwa wazi bila paa.

6. Usipandishe juu. Wako wasemao, "Uwanja hautoshi, tujenge ghorofa." Nyumba iliyojengwa iwe ya chini haikupewa msingi wa kubeba nyingine. Tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, wakafa watu zaidi ya 40. Usiongeze hata mstari mmoja wa mawe juu ya nyumba mpaka mhandisi aliyesajiliwa ameupima msingi.

Basi, msomaji, kabla ya kumwita fundi, chukua kamba ukapime uwanja wako. Andika hesabu katika daftari, ukae na mwenzako mwisome pamoja. Ikiwa fedha mlizo nazo zatosha msingi tu, jengeni msingi mwaka huu.