JCB ya Mtumba: Rangi Mpya Isikuingize Box

Ploti iko Kitengela, na udongo ni ule mweusi wa kushika viatu, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Lazima utolewe wote kabla ya msingi. Wasee wa jembe watakesha hapo, JCB itamaliza fasta. (Ndio, sisi huita zote JCB, hata ikiwa ni CAT.) Sasa wewe na maboyz wa chama mmeanza kuuliza: si tununue yetu?

Kama ni keja moja tu, kodi. Mashini ikikaa bure, betri inakufa na sili zinakauka. Kununua inaleta sense kama mko na ploti kadhaa, ama mtaikodisha kwa majirani.

Mkienda kuicheki, fikeni asubuhi na muguse injini kabla broker hajaanza hadithi. Ikiwa moto, ameshaiwasha, na pengine ni kwa sababu ikiwa baridi inakataa. Moshi wa bluu ni oili inachomeka. Vuta kijiti cha oili: ukipata rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Hapo rudini tu stage.

Mita nayo hurudishwa nyuma. Inasoma masaa kidogo na pedo zimelika hadi zinateleza kama sabuni? Huo ni uongo.

Lakini pesa nyingi huzama kwa mkono wa nyuma. Utingishe. Ukicheza kama jino bovu, pini na bushi zimeisha, na kuchonga hayo mashimo upya ni gharama ya kulia. Pia mwambie opareta ainue mashini kwa miguu ya nyuma na baketi ya mbele, azime, mngoje dakika kumi. Ikishuka pole pole, hidroliki inavuja. Na mtu asisimame chini yake, tafadhali.

Ukishanunua, grisi kwa kila pini, kila siku ya kazi. Opareta akikuambia "kesho, bosi", shika pampu ya grisi mwenyewe. Oili ya injini hubadilishwa kwa masaa ya mita, si kwa kilomita. Tangi la hidroliki usilifungue kwa vumbi, mchanga kidogo tu unakula pampu.

Na kabla doo yote itoke, namba ya chesisi ifanane na ya logbook, na muuzaji aanzishe transfa ya NTSA kwa eCitizen mkiwa mmekaa hapo pamoja. Akisema atafanya akifika home, ganji ibaki mfukoni.