Sheikh Said bin Khalfan Al-Khalili, Mcha Mungu wa Bausher

Sheikh Said bin Khalfan Al-Khalili alizaliwa Bausher mwanzoni mwa karne ya 19. Leo Bausher ni wilaya ya jiji la Maskati, imejaa barabara pana na maduka makubwa. Zama zile kilikuwa kijiji cha mitende chini ya milima, kikipata maji yake kwa mifereji ya falaji. Ukoo wake ni tawi la Bani Kharusi, kabila lililotoa maimamu na wanazuoni wengi wa madhehebu ya Ibadhi. Wanafunzi wa dini nchini Oman humwita Al-Muhaqiq, kwa jinsi alivyokuwa akilichimba jambo hadi mzizi wake kabla ya kutoa fatwa.

Elimu yake ya ibada aliipokea kwa Sheikh Nasir bin Abi Nabhan, ambaye naye aliipokea kwa baba yake, Sheikh Jaid bin Khamis Al-Kharusi, maarufu kwa jina la Abu Nabhan, aliyefariki mwaka 1822. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kumkumbuka Sheikh Nasir. Alihamia Unguja alikokuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, akaandika kitabu kizima juu ya siri za mimea ya Uswahilini, na akafia huko mwaka 1847. Ndiye pia aliyeandika sherehe ya utenzi mrefu wa mapenzi ya Mungu wa Ibn al-Farid, mshairi wa Kisufi wa Cairo aliyefariki mwaka 1235. Kwa mlango huo mashairi ya Masufi yaliingia katika majlisi za Waibadhi.

Jambo hili linahitaji maelezo, kwa sababu Waibadhi hawana tarika kama Kadiriya au Shadhiliya zilizoenea Unguja, Bagamoyo na Komoro. Kwao hakuna sheikh wa kupewa mkono wa bai'a kwa ajili ya uradi, hakuna dufu la dhikri, na makaburi ya wacha Mungu wao hayajengewi makuba. Walichonacho ni kile wanachokiita suluki, yaani mwenendo wa mja kumwendea Mola wake. Mtu anaipunguza dunia moyoni, anafunga, anasimama usiku kuswali, anadumu na majina ya Mwenyezi Mungu ulimini, na anaipekua nafsi yake kila siku. Njia hiyo mwalimu humpa mwanafunzi anayemwamini, na zaidi ya yote hupitishwa kwa ushairi.

Ushairi ndio uliomtambulisha Sheikh Said. Kasida zake ni maombi. Mja anabisha hodi mlangoni kwa Mola wake, anamwita kwa jina moja baada ya jingine, anakiri udhaifu wake, kisha analia juu ya hali ya Waislamu na kuomba dola ya haki isimame. Maombi hayo mawili hayatenganishwi. Katika ubeti anaoomba asamehewe ndimo anamoomba dhuluma iondolewe, na hapo ndipo ulipo ufunguo wa maisha yake yote. Kitabu chake cha Al-Nawamis al-Rahmaniya kinaingia katika elimu ya siri za herufi na majina matukufu, somo ambalo hadi leo lina wanaolitilia shaka. Hata hivyo mtu huyo huyo aliandika Maqalid al-Tasrif, juu ya kunyambua maneno ya Kiarabu, na Lataif al-Hikam, juu ya zaka ya mifugo. Majibu yake ya fikihi yalikusanywa katika Tamhid Qawaid al-Iman, ambamo maswali ya itikadi yanakaa pamoja na ya ndoa, mirathi na maji ya falaji. Mcha Mungu aliyejua hesabu ya ngamia na mbuzi wa zaka hawezi kusemwa kuwa aliikimbia dunia.

Sehemu kubwa ya umri wake wa utu uzima aliishi Samail, bonde lenye rutuba katika njia ya kutoka Maskati kwenda bara. Huko alifundisha, alihukumu na alijibu barua za watu. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Sheikh Saleh bin Ali Al-Harthi, mkuu wa kabila la Al-Harthi, ambalo watu wake wengi walikuwa wamekwisha kuweka makazi Unguja na katika njia za misafara ya Tanganyika.

Nchi wakati huo ilikuwa imeyumba. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Mwanawe Thuwaini akabaki na Maskati na Majid akabaki na Zanzibar. Mwaka 1861 Waingereza waliamua kwamba dola hizo mbili zitengane, na Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa Sohar na mwanawe mwenyewe, Salim, ambaye alishika utawala huku mikono ina damu ya mzazi wake. Kwa wanazuoni wa Kiibadhi hali hiyo haikuvumilika. Sheikh Said alikuwa amekwisha jaribu katika miaka ya 1840 kumsimamisha Hamud bin Azzan wa Sohar awe imamu, bila ya mafanikio. Safari hii alishikana na Saleh bin Ali na Sheikh Muhammad bin Sulayyim Al-Gharibi. Oktoba 1868 Salim alitolewa Maskati, na Azzan bin Qais akapewa bai'a ya uimamu.

Kwa zaidi ya miaka miwili sheikh wa kasida za usiku ndiye aliyekuwa na neno zito kuliko wote katika mji wa bandari. Tumbaku, ulevi na ngoma vilipigwa marufuku. Mali za jamaa wa watawala waliotuhumiwa kuzipata kwa dhuluma zilitwaliwa na kutiwa katika baitulmali. Haikuwa serikali ya kupendwa na kila mtu, hasa mjini penye Wahindi, Wabaluchi na Waarabu wa makabila yaliyokuwa na visasi vya zamani. Ukali huo uliwapunguzia Sheikh Said na wenzake marafiki walipowahitaji zaidi. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba Sheikh Said aliyataka madaraka kwa ajili ya tumbo lake.

Fedha ndizo zilizoivunja dola hiyo. Riale za Zanzibar zilikatwa, na Waingereza hawakuutambua uimamu. Turki bin Said, ndugu wa Thuwaini na Majid aliyekuwa akiishi Bombay, alirudi akakusanya makabila, akashinda vita vya Dhank Oktoba 1870. Mwishoni mwa Januari 1871 Imamu Azzan aliuawa Matrah. Sheikh Said alijifungia katika ngome ya Maskati, kisha akatoka kwa ahadi ya usalama iliyopatanishwa na mwakilishi wa Uingereza. Ahadi haikutimizwa: aliuawa pamoja na mwanawe Muhammad. Ni doa katika historia ya mji huo, na wanazuoni wa Oman hawajaacha kulitaja.

Mashairi yake yalivuka bahari. Abu Muslim Nasir bin Salim Al-Bahlani, aliyekuwa rafiki wa ujanani wa Ahmad, mtoto wa Sheikh Said, alihamia Unguja, akawa kadhi, na mwaka 1911 akaanzisha gazeti la Al-Najah. Kasida ya Sheikh Said iitwayo Sumut al-Thana aliitia takhmisa, sanaa ambayo washairi wa Kiswahili wanaijua vizuri. Abu Muslim alifariki Unguja mwaka 1920. Mwaka huo huo, huko bara ya Oman, Muhammad bin Abdullah Al-Khalili, mjukuu wa Sheikh Said, alichaguliwa kuwa imamu, akatawala kutoka Nizwa hadi alipofariki mwaka 1954.