Shule Nzima, Si Klabu Peke Yake

Shule endelevu ni ile inayopika, kuteka maji, kujenga, kununua na kufundisha bila kumaliza kile ambacho wanafunzi wa miaka ijayo watakihitaji. Afrika Mashariki jukumu hilo limebebwa kwa muda mrefu na klabu za mazingira, na zimelibeba vizuri. Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa mwaka 1968; Roots & Shoots ya Jane Goodall ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991 ikiwa na wanafunzi 12. Hata hivyo, klabu hukutana siku moja moja na wanachama wake ni wachache, ilhali jiko la shule huwashwa kila siku. Mwanafunzi anayefundishwa asubuhi madhara ya kukata miti, kisha akaagizwa kesho aje na kuni, amepewa masomo mawili yanayopingana, na la pili ndilo litakalomkaa.

Ndiyo maana UNESCO, iliyoongoza Muongo wa Elimu kwa Maendeleo Endelevu kuanzia 2005 hadi 2014, imekuwa ikihimiza taasisi nzima ibadilike. Mwaka 2022 ulianzishwa ushirikiano wa kimataifa wa elimu ya kijani unaogusa mambo manne: shule zenyewe, mitaala, mafunzo ya walimu na uwezo wa mifumo ya elimu, na jamii zinazozizunguka shule.

Pa kuanzia ni jikoni. Ugali na maharage ya mamia ya wanafunzi hula kuni nyingi, na moto wa mafiga hupoteza sehemu kubwa ya joto lake pembeni. Jiko banifu la taasisi hujengwa likalizunguka sufuria hadi karibu na ukingo, hivyo joto hubanwa chini na ubavuni, na dohani hutoa moshi nje badala ya kuuacha machoni na kifuani mwa wapishi. Mengine hayadai fedha nyingi: maharage yakilowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi, na kuni zilizopasuliwa na kukaushwa chini ya paa hutoa joto zaidi kuliko mbichi, ambazo kwanza hutumia moto kukausha maji yake zenyewe.

Serikali ya Tanzania imekwenda mbali zaidi. Iliziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na Mei mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Agizo ni jema, lakini gharama ya gesi haiishii kwenye majiko na mabomba. Bajeti ya kujaza mitungi isipopangwa, gesi huisha muhula haujafika mwisho na wapishi hurudi kwenye kuni. Bayogesi nayo inahitaji kulishwa kinyesi na maji kila siku, kwa hiyo inaifaa shule yenye ng'ombe na mtu wa kuutunza mtambo hata wakati wa likizo.

Kwenye maji, hesabu iko juu ya vichwa vya wanafunzi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bweni lenye paa la mita 30 kwa 10 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 6,000. Hata kama moja ya tano itapotea, lita 4,800 zinaweza kuingia tangini, mradi gata zimefungwa na kusafishwa. Ni hesabu ambayo darasa la sita linaweza kuifanya kwa futi kamba na daftari. Maji hayo ndiyo huamua kama vyoo vinatumika na kama msichana aliye katika hedhi atabaki shuleni au atarudi nyumbani. Uendelevu unaowasahau wasichana hao haujakamilika.

Miti haihitaji maelezo mengi. Inayostahili kuhesabiwa ni iliyo hai baada ya kiangazi, siyo iliyopandwa mbele ya mgeni rasmi.

Tanzania ina uzoefu wake katika kuunganisha kazi na masomo. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe pia shamba, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Katika shule nyingi jembe lilibaki na maamuzi yakaondoka, hadi shamba likawa mahali pa adhabu. Mpango wa Eco-Schools, ulioanzishwa Ulaya mwaka 1994 na kufika Kenya na Uganda, unaziba pengo hilo kwa kuanza na kamati yenye wanafunzi ndani yake. Kamati hukagua maji, taka na nishati ya shule, kisha matokeo huingizwa kwenye vipindi: matumizi ya kuni yanakuwa grafu ya hisabati, mboji inakuwa somo la sayansi. Vyuo vikuu vina nafasi kubwa zaidi. Strathmore, Nairobi, ilifunga mwaka 2014 mitambo ya sola ya kilowati 600 juu ya mapaa yake.

Kinachoangusha juhudi nyingi ni uhamisho. Mwalimu mwenye moyo huhamishwa, na bustani hukauka. Kazi hiyo hudumu pale inapoandikwa kwenye mpango wa maendeleo wa shule, ikawa na fungu lake, na kamati ya shule ikasomewa kila muhula ni kuni au gesi kiasi gani imetumika, matangi yamejaa mara ngapi, na bomba lipi bado linavuja.